Pazia Jeusi la Mama Pindo

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimeinamia kisigino cha kiatu cha watu, mdomoni nimebana misumari, nikasikia harufu ya ngozi inayoungua, na haikuwa ngozi ya kiatu. Nilipoinua kichwa nilimwona shemeji yangu amesimama kwenye meza yake ya kupigia pasi. Mkono wa kulia umeshika pasi, wa kushoto umelala juu ya kitambaa, na ncha ya pasi imelalia vidole vyake viwili. Yeye alikuwa anatazama barabarani, anamsalimia mteja.

Nikatema misumari. "Shemeji! Unaungua!"

Akashusha macho. Hakuruka wala hakupiga kelele. Aliinua pasi taratibu, akaviangalia vile vidole kama mtu anayeangalia mzigo ulioachwa kwake na mwenyewe hajarudi kuuchukua.

"Kumbe," akasema.

Nilimmwagia maji ya kwenye ndoo yangu ya kulowekea soli. Mteja ndiye aliyeruka. "Mama Pindo, pole jamani, huumwi?"

"Ningeumwa ningekuwa na nafuu," alijibu.

Huyo ndiye mke wa kaka yangu. Mtaa mzima walimwita Mama Pindo, hata watoto ambao hawakujua pindo ni nini. Kibaraza chetu kilikuwa kimoja: upande wa mlango yeye na cherehani yake ya miguu, upande wa mfereji mimi na viatu vyangu. Watu walisema nyumba ile inakuvika kuanzia shingoni mpaka nyayoni. Mishono ya kawaida aliipiga kwa mashine, lakini pindo la gauni hakulipiga kwa mashine hata aombwe vipi. Alikaa na sindano akalipiga kwa mkono, na uzi usiuone nje wala ndani. "Pindo la mashine," alisema, "ni kama mtu anayekuaga huku ameshaanza kutembea."

Mimi ni mtu wa maneno machache, na yeye alinitania kwa hilo kutwa nzima. "Shemeji, mteja akikuuliza jambo unakijibu kiatu. Siku ukienda kuposa utaiposa soksi." Wateja wakicheka mimi nilizidi kuinama. Lakini ndiye aliyeniambia siku niliyohamia kwao, "Sogeza kigoda chako huku kivulini, huko utakauka kama hizo ngozi zako."

Uvimbe aliugundua kwa futi kamba, kabla ya hayo ya pasi. Alikuwa anajikatia blauzi yake mwenyewe, akapima kifua, na upande mmoja ukakataa kulingana na mwenzake. Alipima tena. Jicho lake halikuwa na msamaha kwa kitambaa, na halikuwa na msamaha kwake pia. Aliiweka chini ile blauzi, akamwambia kaka, "Nipeleke hospitali." Walimpasua, wakautoa, kisha wakamwanzishia dripu za kuzuia ugonjwa usirudi. Nywele zilipotoka alijishonea kofia, kila moja na rangi yake, akawa anasema amefungua duka. Kutapika alikuvumilia. Kilichomshinda ni ganzi.

Ilianzia kwenye vidole vya miguu, akawa anakanyaga pedali ya cherehani kama anakanyaga tope. Ikapanda mikononi. Sindano ikamponyoka na asijue. Kifungo akikishika anakitafuta tena kwa macho. Alimweleza nesi, nesi akasema ni kawaida, itapungua. Lakini yeye hakumwambia daktari. Alikuwa anaogopa kwamba daktari atamjibu vilevile, na hapo hatakuwa tena na wa kumtegemea.

Jioni ya siku ile ya pasi alikaa na kitambaa kilicholowa maji kwenye vidole, akasema bila kumtazama mtu: "Mimi bila vidole ni nani? Mama Pindo wa nini?"

Kaka alikuwa mtu mkubwa wa mwili. Ujana wake wote alikuwa hamali sokoni, na huko walimpa jina la Tani kwa sababu ya magunia aliyokuwa akiyabeba akiwa anaimba. Mgongo ulipomsaliti alipata kazi kwenye kituo cha utafiti, jengo refu lililo nyuma ya hospitali. Alianza kwa kufagia, akaenda kwenye kuosha vyombo vya kioo, mwisho wakampa kazi ya chumba chekundu.

Chumba hicho hakikuwa na dirisha, na taa yake ilikuwa nyekundu kutwa. Ndani yake mtafiti mmoja, mwanamke mwembamba ambaye wote walimwita Dakta tu, alikuwa akifanya kazi na unga fulani wa njano unaoharibika ukipigwa na mwanga wa kawaida. Kaka alivifunga vichupa vyake kwa karatasi ya foili, akaosha visahani, akalinda mlango usifunguliwe ovyo. Siku moja alimwuliza Dakta kwa nini wanahangaika hivyo gizani. Dakta akachukua kalamu, akamchorea kwenye boksi la glavu. Boksi lile kaka alikuja nalo nyumbani likiwa tupu, na siku chache baada ya shemeji kuungua alilitoa, akaliweka juu ya cherehani.

"Tazama hapa, mke wangu. Ndani ya kila seli ya mwili kuna nyuzi, kama kamba zilizotandazwa. Juu ya nyuzi hizo wanatembea mahamali."

"Tani, umeanza."

"Haki ya Mungu! Wana miguu miwili, wanapiga hatua, mgongoni wamebeba mzigo. Wapo wanaopeleka chakula huku, wengine uchafu kule. Na seli inapotaka kugawanyika iwe mbili, wapo mahamali wa aina yao, kazi yao ni kuzisukuma hizo nyuzi ziachane. Wasiposukuma, seli haigawanyiki. Inakwama."

"Na vidole vyangu vimeingiaje hapo?"

Kaka akavuta kigoda. Nilimwona anavyopanga maneno, kama alivyokuwa akipanga magunia. "Hizo dripu zako, Dakta kanieleza, zinagandisha nyuzi zenyewe. Uvimbe unakwama, sawa. Lakini nyuzi hizo hizo ndizo barabara za mishipa ya fahamu, kutoka uti wa mgongo mpaka nchani mwa vidole. Barabara ikifungwa, hamali wa vidole atapita wapi? Vidole vinakaa na njaa, vinakufa ganzi. Huu unga wa njano hauigusi barabara. Unamfunga miguu hamali mmoja tu, yule wa kugawanya seli. Wa vidole anaendelea na safari zake."

Shemeji alikuwa anazungusha kitambaa alichofunga vidoleni.

"Jana walikuja wageni," kaka akaendelea. "Wakaangalia kwenye hadubini, wakapiga makofi. Wamekumbatiana, mke wangu, watu wazima na miwani yao! Seli za saratani ya mtu, zimekwama zote. Kwa macho yangu nimeziona."

"Za mtu kweli?"

"Za mtu."

Kwamba unga ule ulikuwa njiani kwenda kwa wagonjwa, hilo hakuna aliyemwambia kaka. Alilijaza mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa hamali, na hamali anajua jambo moja: kila mzigo ulioinuliwa una mahali unapopelekwa. Hakuwahi kuona mzigo unaobebwa kwa jasho lote lile ili utazamwe tu.

"Basi mimi nitaungoja huo," shemeji akasema.

Siku ya dripu ilipofika hakwenda. Nesi alipiga simu. Shemeji alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kupokea, labda apate muda.

"Mama, tunakungoja, kitanda chako kipo."

"Asante, mwanangu. Mimi nangoja nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Isiyogusa vidole," akasema, akakata.

Na kweli, bila dripu ganzi ilianza kulegea. Kwanza aliusikia ubaridi wa mkasi, akapiga kelele hata nikadhani kaungua tena. Ikabaki nchani tu mwa vidole. Akarudia mapindo yake. Kila jioni kaka alipoingia, kabla hajavua viatu, aliulizwa: "Habari za huko?" Naye alijibu kama mtu anayetoa matokeo ya mpira: "Leo zimekwama tena." Au: "Leo Dakta hakuwa na furaha, lakini kesho anarudia." Nami niliyasikia hayo nikiwa kwenye viatu vyangu, na niseme ukweli, nilifurahi. Nani hakutaka kuyaamini?

Miezi ikaenda. Kikohozi kikaja, akasema ni vumbi la vitambaa. Mgongo ukaanza kumuuma, akasema ni kigoda, akaniomba nikiwekee soli ya mpira juu nikigeuze mto. Niliweka. Kofia zake alikuwa ameshaacha kuvaa, nywele zilikuwa zimeota laini kama za mtoto mchanga.

Ndipo ilipotokea ajali ya mlango. Mtu mmoja wa jengo lile alifungua chumba chekundu bila kubisha hodi, mwanga wa ukumbini ukaingia, na kazi ya Dakta ya majuma mengi ikaharibika. Unga ule, kaka alisema, ukipigwa na mwanga haulali tu, unageuka sumu. Seli zote zilikufa kwenye visahani, na hapakuwa na cha kujifunza. Dakta alikuwa amekaa chini sakafuni. Alitaka pazia la kuziba mlango kwa ndani, zito, lisilopitisha hata uzi wa mwanga, na lijifunge lenyewe mtu akipita.

"Nikamwambia, Dakta, mke wangu ni fundi," kaka alisema.

Shemeji aliweka chini gauni alilokuwa nalo. Sijawahi kumwona akiacha gauni la mteja katikati.

Pazia lile lilichukua kibaraza chote. Kitambaa cheusi kizito, mapande mawili yaliyobebana, na kila kilipopigwa na jua shemeji alikiinua kutafuta tundu. Ili lijifunge lenyewe alitaka pindo liwe zito, akanituma kwa fundi baiskeli nikamletee washa za chuma zilizochakaa, vile vipete vya kukazia nati. Akazipanga ndani ya pindo, moja moja, kila moja kwenye kijumba chake ili zisikusanyike upande mmoja. Mashine ilikataa unene ule, sindano ikavunjika.

"Shemeji, niazime shazia yako," akaniambia.

"Hiyo ni sindano ya ngozi, shemeji."

"Na pazia hili ni la nini kama si la ngozi yangu?"

Alilishona lote kwa mkono. Shazia ilimchoma nchani mwa vidole pale ambapo ganzi ilikuwa bado, na hakuisikia. Mimi niliona matone yanadondoka kwenye kitambaa cheusi na kupotea. Nilipomwonyesha alifunga vidole kwa vipande vya kitambaa cheupe, akaendelea. Alikohoa, akaendelea. Mwanamke mmoja alikuja kudai gauni lake la harusi ya mdogo wake, akajibiwa, "Ngoja kidogo, mwenzio nashona afya." Wakacheka wote wawili.

Siku ya kulitundika mimi ndiye niliyelibeba, maana kaka alikuwa kazini na shemeji mgongo ulikuwa hauruhusu. Alivaa nguo yake ya kutokea. Njiani alisimama mara nyingi kuvuta pumzi, kila mara akijifanya anatazama kitu dukani.

Dakta alitupokea mwenyewe. Alikuwa mpole, akamshika shemeji mabega kwa mikono yake miwili. Tukaingia chumba chekundu. Macho yangu yalichukua muda kuzoea. Meza, hadubini, jokofu dogo, vichupa vilivyovaa foili kama watoto waliofunikwa shuka. Kaka alisimama pembeni akiwa na koti lake la kazi, na nikaona anavyojivuna, mikono nyuma, kama mwenye nyumba.

"Mama, ungependa kuona tunachokilinda?" Dakta akauliza.

Shemeji aliinama kwenye hadubini. Alikaa hapo kitambo.

"Naona viduara. Ndani yake kama nyota."

"Ndiyo zenyewe. Seli ilitaka kugawanyika, nyuzi zikashindwa kuachana, zimekusanyika katikati. Hiyo ndiyo nyota."

"Zimekwama."

"Zimekwama kabisa, mama."

Shemeji akainuka, akajishika mgongo. Alikuwa anatabasamu. "Basi mimi niko tayari, Dakta. Nimengoja sana, ila sikulalamika. Mtaanza lini kutupa sisi wagonjwa?"

Dakta alicheka kidogo, cheko la mtu anayedhani ametaniwa. Kisha akamwona kaka alivyomkazia macho, naye anangoja jibu lile lile.

"Kuwapa nini, mama?"

"Huu unga wa njano."

Jokofu lilikuwa linanguruma. Dakta alivua glavu, kwanza moja, kisha nyingine.

"Mama, huu si wa kunywa. Haukutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa na hautapewa mgonjwa. Umesikia mwenyewe unavyoharibika kwa taa tu. Sisi tunautumia kumsimamisha huyo hamali mmoja, ili tujue kazi yake ni ipi. Ni kama fundi saa anayetoa gurudumu moja kuona saa itakwama wapi. Ndiyo kazi yote."

"Na baadaye?" kaka akauliza. Sauti yake sikuijua.

"Baadaye, labda mtu mwingine, mahali pengine, ataanzia hapa tulipofika. Zipo nyingine za aina hii walizowahi kuwajaribia wagonjwa. Hazikusaidia kama walivyotumaini." Akamgeukia shemeji. "Mama, wewe unatibiwa? Dripu zako umefikia wapi?"

"Nilisimamisha."

"Tangu lini?"

Shemeji alimtazama mume wake. Kaka naye alikuwa anatazama vile vichupa vyake, alivyovifunga kwa mkono wake kila siku, kama hamali aliyefikisha gunia akaambiwa hapa hakuna aliyeagiza.

Nilidhani shemeji atalia au atatoka. Hakufanya hivyo. Aliokota ncha ya pazia kutoka begani kwangu.

"Shikeni ngazi," alisema. "Nimekuja kutundika."

"Mama, acha, tutafanya wenyewe," Dakta akasema. Alikuwa analia.

"Hamtajua upande. Shemeji, panda. Tani, mpe nyundo."

Tukatundika. Alisimama chini akielekeza, juu kidogo, kushoto, hapo. Akapita mara moja kwenda nje, akaliachia. Pazia lilirudi lenyewe, washa zikagonga kizingiti, kwa, kwa, kwa, na mwanga wote ukakatika. Hapakuwa na hata uzi mmoja. Alipita tena kuingia, akapapasa pindo, akatikisa kichwa kuridhika. Ni tulipotokea ukumbini kwenye taa nyeupe ndipo Dakta alipoona vile vitambaa vya vidoleni. Mle ndani, kwenye wekundu, vilionekana safi. Vilikuwa vimelowa damu.

Njiani kaka alitembea nyuma yetu. Mwisho shemeji akasimama mpaka alipofika.

"Tani, ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, mke wangu. Nilidanganyika."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sina wa kumgombeza." Kisha akamshika mkono, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo barabarani, wakaenda hivyo mpaka nyumbani.

Asubuhi yake walikuwa hospitali. Daktari alisikiliza kifua, akaagiza picha, akaiweka kwenye taa. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mapafu na mifupa ya mgongo. Kigoda hakikuwa na kosa. Daktari hakuwa mtu wa ukali. Aliuliza tu kwa nini aliacha, na alipoambiwa habari ya ganzi akasema, "Ungeniambia mimi, mama. Ningepunguza kipimo, au ningebadilisha. Zipo njia." Shemeji alituhadithia maneno hayo yeye mwenyewe, jioni, bila kuongeza kitu. Kaka alitoka nje, akasimama karibu na mfereji mpaka giza likamfunika.

Dripu alirudishiwa, za kupunguza maumivu na za kujaribu kuuzuia ugonjwa. Ganzi ikarudi kwa haraka kuliko mwanzo. Alikuwa anakaa kibarazani akiwa amefunikwa shuka, mikono juu ya mapaja, viganja vikiangalia juu. Gauni la yule mwanamke wa harusi lilikuwa bado limening'inia, limekamilika lote isipokuwa pindo. Akaniita.

"Shemeji, lishushe. Utalipiga wewe."

"Mimi? Mimi ni wa viatu."

"Nitakuelekeza. Chukua sindano ndogo, si kama lile jembe lako."

Nilijitahidi. Vidole vyangu vimezoea kuvuta uzi wa nta, nikavuta mno, kitambaa kikakunjamana. Nilimletea karibu na macho. Alilitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka, mpaka kikohozi kikamshika.

"Umelishona kama kiatu! Huyo mwenzangu atalivaa miguuni?" Akapumua. "Fumua. Anza tena. Uzi usivutwe, unalazwa."

Nilifumua na kuanza tena, na tena, mpaka aliponiambia, "Basi. Hilo atalivaa." Halikuwa zuri. Yeye alijua na mimi nilijua. Mwenye gauni alipolichukua alilipapasa pindo, akamtazama shemeji, akasema, "Asante, Mama Pindo, limetulia kama kawaida yako." Shemeji akafumba macho.

Alifariki siku ya mvua ndogo, mchana, kaka akiwa kazini. Niliyekuwepo ni mimi. Aliniomba maji, nikampa, akashindwa kuishika bilauri, nikamshikia. Alikunywa kidogo. Hakusema maneno ya kuagana. Aliuliza kama nimeanua viatu vya watu visilowe. Nikasema nimeanua.

Msibani walikuja watu wengi, karibu kila mmoja amevaa kitu kilichopita mikononi mwake. Dakta alikuja pia, akakaa kwenye mkeka nyuma ya wanawake wengine. Mzee mmoja aliyefanya uhamali pamoja na kaka zamani alimsogelea, akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu:

"Tani, si kule kazini kwenu ndiko wanakotafuta dawa ya ugonjwa huu?"

"Hapana," kaka akajibu. "Kule kwetu tunaangalia tu."

Hakuacha kazi. Watu walidhani ataacha. Anaondoka asubuhi, anafunga vichupa vyake kwa foili, anaosha visahani. Siku moja Dakta alimwambia pazia limeshika vumbi, alipeleke likafuliwe. Kaka alikataa, akasema washa zitashika kutu. Badala yake analipangusa mwenyewe kwa kitambaa kikavu, kuanzia juu, na akifika kwenye pindo anapiga magoti.

Ile shazia shemeji hakunirudishia. Nilipomwuliza kaka kama aliiona, alisema itakuwa imebaki ndani ya pindo, maana kuna mahali pamoja pazia likijifunga linatoa mlio usiofanana na wa washa. Nimenunua nyingine.